Kadi ya Sista Aikande

Hakuna aliyemtuma Theophil mawese. Hilo alilisema mwenyewe baadaye, kila alipoombwa kukisimulia kisa hiki barazani kwao Rusimbi, na alilitanguliza ili asije mtu mwingine akamuwahi. Mawese alikuwa nayo nusu dumu jikoni. Alichokosa ni sababu ya kuendesha gari lisilo lake.

Gari lilikuwa la Aikande, muuguzi kutoka Same, jirani yake wa ukuta mmoja. Yeye Theophil ni mtu wa Bukoba, na wote wawili waliletwa Kigoma na barua ya uhamisho. Mei ile ya 2015, Warundi walipokuwa wakimiminika Kagunga, kijiji cha ziwani mpakani, na kipindupindu nacho kikaingia, Aikande alipanda boti kwenda kuuguza. Kagunga gari halifiki. Basi akamwachia Theophil ufunguo pamoja na maagizo: aliwashe kila asubuhi betri isife, akiwa na shida alitumie, ila kwanza aangalie maji maana rejeta inavuja. "Ukikwama kuna kadi ya huduma ya kuvutwa, iko kwenye deshbodi," alisema. "Na namba yangu ya laini ya Burundi ndiyo hii, kule mtandao wetu haushiki. Jumatatu mchana nitarudi."

Kwa siku nne Theophil aliliwasha, akalizima, akalifuta vumbi. Siku ya tano ikawa Jumapili, naye akajiona anastahili kupumzika.

Na kweli alikuwa amechoka. Alikuwa karani kwenye kituo cha mapokezi mjini, pale wakimbizi waliposubiri mabasi ya kwenda kambini, na kazi yake ilikuwa kuwaandikisha wanaposhuka melini, kisha kutoa karatasi za basi. Watu walikuwa maelfu, meza ilikuwa moja. Katika wiki tatu alikuwa amejipatia maneno mawili yaliyompunguzia foleni: mwenyewe aje. Unamwombea mumeo? Mwenyewe aje. Bibi yako? Mwenyewe aje. Aliyapenda maneno yale, na alikuwa na namna ya kuyasema bila kuinua macho, akiamini ndivyo wakubwa wanavyosema.

Alhamisi alikuja mwanamke aitwaye Regina, akitaka karatasi ya mama yake aliyelala chini ya turubai, mguu umevimba hadi gotini.

"Mwenyewe aje," alisema Theophil.

"Hawezi kusimama, muheshimiwa. Au labda ungeangalia..."

"Hakuna cha au, mama. Anayefuata."

Regina alirudi Ijumaa. Akarudi tena Jumamosi. Mara zote alijibiwa vilevile, na mara zote mabasi yaliondoka bila yeye wala mama yake.

Jumapili hiyo, basi, Theophil alivaa shati la mikono mirefu, akapita Ujiji taratibu na vioo vimeshushwa, akiwapungia mkono watu asiowajua. Waliomjibu walidhani ni daktari. Alishika njia ya Simbo, akanunua dumu la mawese kwa Bi Kuruthumu, akamweleza bila kuulizwa kwamba gari dogo halina shida, ni kulijulia tu. Maji hakuwa ameangalia. Alipowasha arudi, alienda kama hatua mia moja, boneti ikaanza kutoa moshi, na gari likazima palepale, mbele ya kanisa, watu ndio wanatoka ibadani.

Alifungua boneti akasimama anaitazama injini, mkono kiunoni. Mafundi wawili waliokuwa wakitoka kanisani walisogea wakatazama naye. Mmoja alisema gasketi imekwenda na gari halitembei tena mpaka livutwe. Theophil akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyekuwa amefikia uamuzi huohuo.

Hapo ndipo hofu ilipomshika. Kuharibu gari ni jambo moja. Kuliharibu Simbo, kwa dumu la mawese, wakati mwenyewe yuko Kagunga anasafisha matapishi ya watu, ni jambo jingine kabisa. Gari lilipaswa kuwa uani kabla ya Jumatatu mchana, na ikiwezekana Aikande asijue kitu.

Alitoa kadi, akapiga namba. Akapokea msichana mwenye sauti laini, yuko Dar.

"Gari ni lako, kaka?"

"La jirani yangu. Amesafiri."

"Na wewe jina lako nani?"

Theophil hakutaka jina lake liingie mahali popote. "Mimi jirani tu," alisema.

"Pole sana. Utaratibu wetu, mwenye kadi awepo mwenyewe, au..."

Theophil alikata simu. Damu ilimpanda. Katoto kako Dar, kamekaa kwenye kiti cha kuzunguka, kanamwambia mtu mzima mwenyewe aje, na kanalisema kwa raha kabisa. Alimlaani yule msichana kwa Kihaya, kisha akajifuta jasho na kupata wazo ambalo mpaka leo hana maelezo nalo. Alijibanza nyuma ya ukuta wa kanisa, akabana pua, akapiga tena.

"Haloo, mimi ni Sista Aikande," alisema kwa sauti nyembamba.

Msichana alikuwa yuleyule. "Pole na mafua, Sista. Naomba mwaka wako wa kuzaliwa."

Theophil alipiga hesabu haraka, kisha, kwa kuwa ni mtu wa adabu, akampunguzia umri miaka mitano.

"Hapana," alisema msichana, na safari hii ni yeye aliyekata.

Alipogeuka alimkuta Bi Kuruthumu amesimama, mkononi dumu ambalo Theophil alikuwa amelisahau. Bibi huyo alikuwa amesikia yote.

"Shikamoo, Sista," alisema Bi Kuruthumu, akamkabidhi mawese. "Sasa mpigie mwenye gari. Au unangoja nikusukie na nywele?"

Ilibidi. Simu iliita kwa muda mrefu, kisha akasikia upepo wa ziwa na sauti ya Aikande, imekauka kwa uchovu. Theophil alieleza kila kitu, Simbo, maji, gasketi, hata pua. Alingoja atukanwe. Alitamani atukanwe.

"Lakini Theo," alisema Aikande, "kwa nini hukuwatajia jina lako?"

"Jina langu la nini?"

"Mbona wewe umo. Nilipochukua kadi waliniuliza nani mwingine anaweza kuitumia mimi nisipokuwepo. Nikakuandika wewe. Hapa Kigoma ningemwandika nani?"

Theophil alikaa chini kwenye ngazi za kanisa. Aliona aibu kweli, si ile ya kuchekewa barazani. Alimwomba msamaha, na Aikande akasema wataongea akirudi, kwa sasa ana watu wamelala chini wanamsubiri.

Alipopiga mara ya tatu alitaja jina lake lote. Hakuulizwa kitu kingine. Bredauni ilifika kutoka mjini, gari likanyanyuliwa magurudumu ya mbele, na Theophil akapita Ujiji ileile mara ya pili, amekaa kando ya dereva wa bredauni, dumu mapajani. Waliompungia asubuhi walimpungia tena.

Jumatatu asubuhi Regina alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Safari hii hakuomba. Aliweka fomu ya mama yake mezani, akasimama.

Theophil alifungua kinywa, na yale maneno mawili yakakataa kutoka. "Alhamisi ulisema au," alimwambia. "Au nini?"

"Au ungeangalia nyuma."

Aliigeuza ile fomu. Chini kabisa palikuwa na mstari ambao katika wiki tatu hakuwahi kuusoma tena: mtu wa kumpokelea karatasi asipoweza kufika. Juu ya mstari pameandikwa Regina, binti yake. Aliutambua mwandiko. Ulikuwa wake mwenyewe, wa siku ile waliyoshuka melini, alipowauliza na wao wakamjibu.

Akaandika karatasi mbili za basi. Kisha akainuka, akaenda kusaidia kumbeba yule mama.