Siri Iliyotoka Ofisi ya Ushauri

Mwanangu, uliponiambia jana kwamba umepewa ofisi ya ushauri nasaha shuleni kwenu, nilikupongeza, kisha nikanyamaza. Ukaniuliza kama sikufurahi. Nilifurahi. Ila nakumbuka siku moja ambayo, kama ningekuwa na uwezo, ningeirudisha niiishi upya.

Nilikuwa na miaka miwili tu kazini, mwalimu wa Jiografia katika shule ya bweni ya wasichana hapa Voi. Ofisi ya ushauri nilipewa kwa sababu walimu wakubwa waliikataa. Walisema ni kazi ya kufuta watu machozi. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya ramani kuukuu. Mimi nilikiona cheo. Nikabandika karatasi mlangoni, "Mwalimu Wakesho, Ushauri", nikaketi kungoja.

Akaja msichana wa kidato cha pili, Mghoi, mtoto wa kijiji cha Mraru. Alikuwa akisinzia darasani kila siku, nami nilidhani ni uvivu. Aliketi, akavuta sketi ifunike magoti, akaanza kusema polepole. Likizo iliyopita ndovu waliingia katika shamba lao la mahindi. Baba yake alitoka kuwafukuza kwa kupiga debe, Mghoi akimmulikia na tochi. Ndovu mmoja akageuka. Mghoi aliangusha tochi, akakimbia. Baba hakuwahi kukimbia; ndovu alimuua pale pale.

Tangu siku ile, akilala bwenini hulisikia lile debe, na akiamka hukuta godoro limelowa. Miaka kumi na sita, mwanangu! Alikuwa akidamka kabla ya wenzake ili afue shuka, na ndiyo maana usingizi ulimshika darasani.

"Hakuna mtu anajua, mwalimu," alisema. "Hata nyanya sijamwambia."

"Na hakuna atakayejua," nikamjibu.

Nilikuwa namaanisha. Lakini ulimi hauna mfupa. Siku ya pili yake, wakati wa chai, mwalimu mmoja alilalamika kwamba Mghoi amelala tena katika somo lake na kwamba safari hii atamwadhibu. Nilitaka kumtetea yule mtoto. Nilitaka pia, na hili sitakuficha, walimu waone kwamba ofisi yangu si ya kufuta machozi. Nikasimulia yote: debe, tochi, godoro. Wenzangu wakashika vichwa kwa huruma. Madirisha ya chumba cha walimu yalikuwa wazi, na nje, chini yake, wanafunzi walikuwa wamepanga foleni ya uji.

Kufikia chakula cha mchana, kuna waliolitoa godoro la Mghoi wakaliweka katikati ya uwanja. Mghoi alisimama akalitazama. Hakulia. Aliingia bwenini, akachukua mkoba wake, akatoka getini bila kumwambia mtu.

Tulimtafuta mjini mpaka miguu ikatuuma. Jioni ndipo simu ilipolia ofisini: amefika kwa nyanya yake. Alikuwa ametembea kwa miguu, peke yake, ile barabara ya Taveta ambayo ndovu huikata wakati wowote wapendao. Mtoto aliyeogopa ndovu kuliko kitu chochote duniani aliona afadhali wao kuliko sisi.

Asubuhi yake nilikwenda Mraru. Mghoi alikuwa nje ya nyumba, anachambua pojo kwenye ungo. Hakuinua kichwa. Nyanya yake alinipa kiti, akanipa maji, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimemlea huyu, na hakuniambia. Alikuambia wewe."

"Nimekosa, nyanya. Sikudhamiria."

"Ndovu ni mnyama, hajui anachokikanyaga. Wewe ulijua."

Hakupandisha sauti. Nimekaripiwa na wengi maishani, hata na wakaguzi wa elimu, lakini hakuna maneno yaliyoniingia kama yale. Nilikwenda nikachuchumaa karibu na ungo.

"Mghoi, nisamehe."

"Nimekusamehe, mwalimu."

"Utarudi?"

"Bweni lile? Hapana."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilirudi shuleni nikakuta mwalimu mkuu anamhoji matroni wa bweni, mama wa watu, anadhaniwa ndiye aliyetoa siri. Nilimwambia mkuu ni mimi. Akaniambia: basi mtafutie mtoto shule nyingine, na usije kazini mpaka umeipata.

Nilipata nafasi upande wa Taveta, nikampeleka mwenyewe. Mshauri wa pale alikuwa mzee anayekaribia kustaafu, Mwalimu Mwakio. Baada ya wiki tatu nilikwenda kuuliza amemwambia nini yule mtoto.

"Sijamwambia kitu," akasema. "Tunapanda sukuma wiki nyuma ya maktaba. Akitaka kusema, nipo. Asipotaka, tunamwagilia."

Muhula wa pili Mghoi alianza kusema. Mwalimu Mwakio hakunieleza alisema nini, wala sikuuliza. Najua tu kwamba alianza kulala vizuri, na kwamba alimaliza kidato cha nne. Leo ana watoto wawili na anashona sare za shule hapa mtaani Kaloleni. Tukikutana hunipa shikamoo kwa heshima zote. Nikimwuliza habari za maisha, hujibu, "Nzuri, mwalimu." Nzuri. Miaka yote hii sijapata neno jingine kwake, na sistahili.

Basi mwanangu, sikia. Mtoto atakayeingia mlango wako atakuwa amepita milango mingi iliyofungwa, mingine ya watu wanaompenda. Usikimbilie kumhubiria, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Alichokuambia ni amana, si habari ya kwenda nayo kwenye chai, hata ukiwa unamtetea. Likiwepo jambo la kuhatarisha uhai wake, hilo huwezi kulifungia kifuani. Lakini mwambie yeye kwanza: "Nitamwambia fulani, kwa sababu hii, nasi tutakwenda pamoja." Na siku utakapokosea, maana utakosea, usimwachie matroni lawama zako.

Na wewe mwanafunzi, ikiwa maneno haya yatakufikia, kosa langu lisikufunge mdomo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtafute wa kumwambia, na wa kwanza akikuangusha, mtafute wa pili.

Nenda kazini, mwanangu. Mungu akupe masikio yasiyochoka na kifua cha kuhifadhi. Watoto wa watu wakitoka mbele yako, watoke wepesi kuliko walivyoingia. Amina.