Aristides Aliyeongezwa Juu ya Kipa

Kwa miaka mingi, timu ya mpira wa magongo ya Njoro, mjini Moshi, ilikuwa Aristides. Mchana alichomelea mageti na madirisha kwenye karakana yake karibu na stendi ya bodaboda. Jioni alichukua gongo lake na kwenda mazoezini. Mpira ukimfikia ndani ya nusu duara mbele ya goli, kipa wa upande wa pili alikuwa ameshachelewa.

Mwaka aliofunga mabao mengi kuliko wachezaji wote wa kaskazini, klabu moja ya Dar es Salaam ilimtaka. Wangempa kazi ya kudumu kwenye ghala lao na nyumba ya kuishi na mkewe Mektrida. Julius, mwenyekiti wa Njoro, alikataa kumwachia.

"Huyu haondoki," aliwaambia wageni mbele ya wachezaji wote. "Mkimchukua huyu, mtakuwa mmechukua timu."

Aristides angeweza kubisha. Hakubisha. Alirudi nyumbani Kibosho akicheka peke yake njiani, akamsimulia mkewe maneno ya mwenyekiti kama yalivyo.

"Na wewe ulisemaje, Baba Lucky?" Mektrida aliuliza huku akimenya ndizi.

"Niseme nini? Watarudi tu. Mwakani watakuja na kitu kikubwa zaidi."

Mwakani hawakuja. Goti la kulia lilianza kuvimba kila baada ya mechi. Mipira aliyokuwa akiiwahi ikawa inampita hatua moja mbele. Msimu ule alifunga mabao machache, uliofuata machache zaidi, na mengi yalikuwa ya penalti. Watazamaji waliokuwa wakiimba jina lake wakaanza kumuuliza kocha kwa sauti anangoja nini kumtoa.

Ndipo klabu ya Arusha ilipokuja kumtaka Godbless, kipa kijana aliyekuwa akidaka kila kitu. Mazungumzo yalifanyika kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Aristides alikuwa nje, amekaa kwenye benchi chini ya dirisha, akifunga goti bandeji.

"Mchukueni Godbless," alimsikia Julius akisema, "na Aristides nawaongezea juu. Mnipe mshambuliaji wenu mmoja."

Kisha mgeni akasema kwa upole, "Mwenyekiti, Aristides tunamheshimu sana. Lakini huyo baki naye. Kipa anatutosha."

Julius alipotoka na kumkuta pale, alitazama pembeni. "Nilikuwa nakutafutia pa kwenda, Ari."

"Nimesikia, Mwenyekiti."

"Usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa."

Godbless aliondoka wiki ile. Alikuja karakanani kuaga, akashika mkono wa Aristides kwa mikono yake miwili. "Kaka, wewe ndiye uliyenifundisha kumsoma mpigaji. Walitakiwa wakuchukue wewe." Aristides alimwambia aache utoto, awahi gari.

Njoro na timu hiyo ya Arusha zilikutana Moshi mwishoni mwa msimu. Kocha alimwingiza Aristides dakika za mwisho, Njoro wakiwa nyuma kwa bao moja. Mpira ulimjia pale pale, ndani ya nusu duara, kulia kidogo, mahali alipofungia mabao yake mengi. Alipiga kwa nguvu zote. Godbless alinyoosha mguu, akauzuia bila hata kuanguka.

Usiku Mektrida alimchemshia maji ya chumvi ya kukandia goti. Aristides aliunyoosha mguu juu ya kigoda.

"Ule mwaka ningekwenda Dar," alisema.

"Mwenyekiti alikataa."

"Na mimi nilifurahi alipokataa, Mama Lucky. Ndicho kinachoniuma."

Mektrida alikamua kitambaa, akakirudisha kwenye goti.

Jumamosi iliyofuata Aristides hakushuka mazoezini. Alibaki kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, akikata majani ya ng'ombe, simu ikiwa mfukoni, imewashwa. Julius hakupiga.