Kigego wa Jikoni kwa Bibi

Nilipokuwa mtoto, mkubwa akisimulia, mdogo alifunga mdomo mpaka mwisho, na kama alikuwa na swali alilimeza pamoja na mate. Ninyi hata sijaanza mmeshakunja pua. Nimesema neno moja tu, kwamba bibi yangu alikuwa na paka asiye na unyoya mwilini, na tayari huyu mjukuu ananiambia, "Bibi, paka wa hivyo wako Ulaya." Wako Ulaya! Kwani paka anaomba pasipoti ndipo azaliwe? Kaa chini. Kama huamini, usiamini ukiwa umekaa.

Tuliishi juu ya Soni, kwenye mteremko ambao mvua ikinyesha hata mbuzi hutembea akimtaja Mungu. Wazazi wangu walikuwa kwenye mashamba ya chai upande wa Amani, mimi nikalelewa na mama mzaa mama. Bibi alikuwa mwanamke mfupi, mkavu. Ukijikwaa mbele yake hakukucheka wala hakukuonea huruma. Alikuambia uinue mguu. Ua mmoja na sisi alikaa mwanawe wa mwisho, Mjomba Hoza, na mkewe Zubeda.

Paka wa Bibi alizaa chini ya uchaga wa mahindi. Watoto wengine walikuwa paka kama paka. Mmoja alitoka uchi. Ngozi yake ilikuwa na mabaka ya kijivu, imekunjamana shingoni kama soksi iliyolegea, na masikio makubwa kama ya popo. Nilidhani manyoya yatakuja baadaye, kama kinda la ndege linavyoota yake. Hayakuja. Wenzake wakagawiwa majirani, yeye hakuna aliyemtaka, akakua hivyo hivyo na akawa anashika panya kumshinda mama yake. Jina hakuwa nalo. Bibi alimwita "wewe," naye aliitika.

Sasa, kwetu Washambaa, kiumbe anayekuja duniani kinyume na wenzake ana jina lake: kigego. Mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu alikuwa kigego, na zamani za wazee wa wazee wetu vigego walitupwa jabalini, kwa kuwa walisemekana wanamaliza ukoo. Nilipozaliwa mimi, hayo ya kutupa watoto yalikuwa yamekwisha. Woga wake haukwisha. Ulihamia kwa wanyama. Kuku jike akiwika, alichinjwa siku ile ile na supu yake ilinywewa kimya kimya. Na paka asiye na manyoya? Mjomba Hoza alilipita jiko la mama yake kwa mbali, kama vile mna nyoka.

Msimcheke Mjomba. Zubeda alikuwa amezika watoto wawili wachanga, na sasa alikuwa na mimba nyingine, kubwa. Mtu aliyekwisha kuzika namna hiyo, ujasiri ataupata wapi?

"Mama," alisema siku moja, amesimama mlangoni, haingii, "kile kitu kiondoke kabla mke wangu hajajifungua."

"Kitu gani?"

"Unakijua."

"Humu kuna sufuria, kuna mwiko, kuna mjukuu wangu. Taja kimoja."

Mjomba akaondoka.

Baridi ya mwezi wa saba huku milimani inamliza hata paka mwenye manyoya. Asiye nayo hutafuta moto. Wetu alikuwa akilala jikoni katikati ya mafiga, juu ya majivu, tukishamaliza kupika. Asubuhi moja nikiwa nafagia uani nilisikia mlio ambao mpaka leo sitaki kuufananisha na kitu. Kaa la mti wa mwati lilikuwa limejificha ndani ya majivu, limelala kama limezimika, na lilikuwa halijazimika. Ngozi ya mgongo wake, tangu begani mpaka kiunoni, ilikuwa imebambuka kama ganda la kiazi cha kuchemsha.

Mjomba naye alisikia. Alikuja na tenga, lile tunalopakia kabeji.

"Mungu ameamua mwenyewe," alisema. "Nipe nimpeleke jabalini, apumzike na sisi tupumzike."

Bibi alikuwa amechuchumaa, anamtazama paka. Hakugeuka. "Kigego mwenye kidonda hatolewi nje."

"Nani kasema?"

"Mwiko huo hukufundishwa? Kigego akifa na kidonda kibichi, kidonda hakifi naye. Kinabaki kwenye ua, kinamtafuta aliye mdogo kuliko wote."

Mjomba alishusha tenga. Aliyekuwa mdogo kuliko wote uani petu alikuwa bado tumboni mwa Zubeda.

"Na akipona?"

"Akipona, kidonda kikifunga, njoo na tenga lako."

Nilikuwa mdogo lakini sikuwa mjinga. Akifa, na mtoto wa Zubeda akapatwa na jambo, watasema ni sisi. Akipona, ni jabali. Nikaamua apone kwanza. Habari ya jabali tungekutana nayo mbele ya safari.

Jirani yetu Mama Ruth, mtu wa kanisa, alikuwa mfugaji wa sungura. Alikuja na konzi ya manyoya yao. Kwetu aliyeungua hupakwa asali na kubandikwa manyoya ya sungura, kamuulize yeyote. Bibi akapaka, akabandika. Mama Ruth akarudi nyuma hatua moja atazame kazi, akashindwa kujizuia.

"Mama, naye leo kapata kizibao! Jumapili nampitia twende ibada."

"Mnaimba mno," Bibi akamjibu. "Atasinzia, mtasema ana pepo."

Tulicheka siku hiyo. Baada ya siku chache hatukucheka. Manyoya yalikuwa yamenyonya usaha, yamegandamana, na jiko lote lilinuka. Bibi aliinama akanusa. Akasema, "Tumekosea." Katika maisha yake yote ndiyo mara pekee niliyomsikia akilitamka neno hilo, na alilitamka kwa ajili ya paka.

Akachemsha maji yenye chumvi, akayaacha yapoe. Mimi nikashika, yeye akaanza kulowesha na kung'oa, unyoya mmoja mmoja. Paka aliniuma kidole gumba mpaka jino likaingia.

"Bibi, ananiuma!"

"Nimeona. Shika."

"Damu inatoka!"

"Na yake inatoka. Ukimwachia sasa unamuua. Shika."

Nikashika.

Mama Ruth alichukia aliposikia manyoya yake yametupwa. "Yameponya watu hayo!" alisema.

"Labda," Bibi akamwambia. "Huyu hajapata habari zao."

Tangu hapo ilikuwa asali peke yake, na juu yake jani changa la mgomba, lililopitishwa juu ya moto mpaka likalegea, maana jani la mgomba haligandi kwenye kidonda. Tulilifunga kwa ukanda wa kanga kuukuu, tukilibadilisha asubuhi na jioni. Sasa paka akawa anageuza shingo alambe. Bibi alitazama huku na huku, akachukua kata, ile pete ya magome makavu ya mgomba tunayoweka kichwani tukibeba ndoo, akamvisha shingoni. Shingo haikuweza tena kugeuka. Habari zikafika mtoni kabla yangu, na msichana mmoja akanipokea nazo.

"Eti paka wenu anavaa kata! Anakuja kuteka maji?"

"Anakuja," nilimjibu. "Ndoo yake kaisahau kwa mama yako."

Mchana alilala ndani ya kapu, chini yake jiwe lililopashwa moto na kufungwa matambara. Nikitoka shule nilimtia ndani ya sweta langu, tumbo lake juu ya langu, nikakoka moto na kumenya viazi naye akiwa humo humo. Alikuwa wa moto kama chapati na hakuwa na uzito. Chakula alikataa. Nilichovya kidole kwenye mchuzi wa dagaa, nikampaka kwenye ufizi, akameza kwa kuwa hakuwa na la kufanya.

Zubeda hakuingia jikoni. Alikuja mpaka kwenye kizingiti, mkono mmoja kiunoni, akauliza kwa sauti ndogo, "Amekula?" Nikisema ndiyo, alishusha pumzi. Nikisema hapana, alirudi kwake akaja na kikombe cha maziwa, akakiweka chini na kukisogeza kwa mguu. Siku hizo nilidhani ni ukarimu. Yule mwanamke alikuwa anamlisha mwanawe kwa mdomo wa paka.

Uchungu ulimshika alasiri moja, na siku hiyo hiyo paka hakuinua kichwa. Macho yalikuwa nusu wazi, pua imekauka. Wanawake waliingia kwa Zubeda. Bibi, ambaye ndiye aliyezalisha nusu ya kijiji, alinawa mikono akanitazama.

"Mimi naenda kwa yule. Wewe kaa na huyu. Kila mmoja na wake."

"Akifa je?"

"Nimekuambia ukae naye, sikukuambia umzike."

Nikakaa. Nilidondosha maji ya asali kwa ncha ya kitambaa, tone, nasubiri ameze, tone. Nje Mjomba Hoza alikuwa anazunguka ua, na kila akifika mlangoni kwangu alichungulia. Alitazama ubavu wa paka kama unapanda na kushuka, kisha akaendelea kuzunguka.

Mtoto akalia. Wanawake wakapiga vigelegele. Ningetaka kuwafurahisha ningesema paka aliinua kichwa pale pale. Hakuinua. Aliinua kesho yake, akaniuma.

Mtoto alikuwa wa kike, mnene, mwenye sauti. Akanyonya, akalala, akaamka. Kila siku tulimsikiliza. Na mgongo wa paka ukaanza kujifunga kutoka pembeni, ngozi mpya ikitambaa kuelekea katikati, laini na yenye kung'aa. Nilipaswa kufurahi. Kila nikifungua jani na kuona kidonda kimepungua nilikuwa naona jabali limesogea.

Ikafika arobaini ya mtoto, siku ya kunyolewa. Watu walijaa uani, pilau inanukia, Zubeda katoka nje na mwanawe kafunikwa. Mnyoaji akaloweka wembe, akafunua kichwa, akasita. Hapakuwa na cha kunyoa. Kichwa kilikuwa kitupu kama yai. Tangu azaliwe alikuwa kafungwa vitambaa kwa ajili ya baridi, na waliojua walikuwa wamenyamaza hata kwa baba yake.

Mtu mmoja akasema polepole, "Kama yule wa jikoni."

Mjomba alisimama. Alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na tenga. "Mama. Kidonda kimefunga. Uliahidi."

"Niliahidi."

"Kitu hiki kimemnyonya mwanangu nywele. Kesho kitamnyonya nini?"

Bibi alinijia, akatia mkono ndani ya sweta langu, akamtoa paka. Nikaanza kulia. "Nyamaza," akaniambia, akamweka paka ndani ya tenga mbele ya watu wote. Kisha akamgeukia Zubeda, akanyoosha mikono.

"Nipe na mtoto."

"Wa nini, Mama?"

"Hoza anatupa wasio na nywele. Tenga lina nafasi."

Mjomba alifungua mdomo, Bibi akamwahi.

"Wewe ulizaliwa hivyo hivyo. Ulianza kutambaa una kipara. Walikuja kwangu watu wazima, wengine mababu wa hawa wanaosubiri pilau, wakaniambia kigego, leta tukusaidie kubeba. Niliwafungia mlango. Sasa kama nilikosea, sema hapa, nami nitakutia humo wa kwanza."

Zubeda ndiye aliyesogea. Mtoto mkono mmoja, akainama, akaingiza mwingine ndani ya tenga, akamshika paka ambaye hakuwahi kumgusa hata kwa ncha ya kidole, akamtoa. Akasimama nao wote wawili, vichwa viwili vitupu juani, anamtazama mumewe. Mjomba Hoza akaketi chini palepale, akajifunika uso kwa kofia yake. Mama Ruth ndiye aliyesema, "Jamani, pilau inaungua," na watu wakakumbuka kupumua.

Paka aliishi mpaka akazeeka, na kovu lake mgongoni. Yule mtoto leo ana wajukuu, na nywele zake zinavunja vitana.

Mimi nilikua, na ule mwiko ukanikaa kichwani. Niliuliza wazee Soni, nikauliza Bumbuli, nikauliza Mlalo: kigego mwenye kidonda hatolewi nje? Hakuna aliyewahi kuusikia. Bibi akiwa hoi kitandani nilimuuliza mwenyewe. Alinitazama kama nimejikwaa.

"Kila mwiko kuna mtu aliyeusema kwanza," akasema. "Ule niliusema mimi."

Mnacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa wakati huo nilikuwa mtu mzima, nikahesabu upande wa pili. Mtoto yule angekufa kama wale waliomtangulia, na paka naye kafa na kidonda kibichi, wangekumbuka maneno ya nani? Bibi angefukuzwa kwenye ua wa mwanawe, au zaidi ya hapo. Aliliona hilo alipokuwa amechuchumaa pale kwenye majivu, na bado aliusema mwiko wake. Woga wa Mjomba usingetoka kwa kuambiwa ni ujinga. Ninyi mliosoma ndivyo mngefanya, na paka angekuwa jabalini kabla hamjamaliza hotuba. Bibi aliukuta woga umekaa bure, akaupa kazi. Na woga ambao ungepaswa kuwa wake aliuweka mahali ambapo mimi, niliyelala naye kitanda kimoja, sikuwahi kuuona.

Kama vigego wapo au hawapo, msiniulize. Ninachojua ni kwamba kidonda kinataka kuoshwa.

Haya, ng'ombe wangu hajakatiwa majani na ukungu unashuka. Anayetaka kubisha abishane na wenzake humu ndani. Mimi natoka, na mlango naufunga.