Ndoo Iliyokula Mrututu

Kwenye meza ya maabara ninapofundisha kemia kuna ndoo kuukuu ya bati. Wanafunzi wananitania kwamba mwalimu kahama na jiko lake. Waache wacheke. Ndoo hiyo ni ya mama yangu, Tupokigwe, aliyeishia darasa la nne, na Isongole nzima hakuna anayemfikia kwa kuchanganya dawa ya viazi.

Nikiwa kidato cha kwanza nilirudi likizo na kiherehere changu. Mvua ilikuwa haikatiki, na ugonjwa wa ukungu ulishaunguza viazi vya jirani. Ukiingia kwetu, hakuna chakula, hakuna shule. Jioni mama akanituma niloweke mrututu, yale mawe ya bluu ya dawa, yenye shaba, kwenye ndoo ya plastiki. Mimi, msomi, nikaona ile ya plastiki ina ufa, nikaloweka kwenye hii ya bati.

Asubuhi maji yalikuwa yamefifia, na ndani ya ndoo kumeganda wekundu. Mama akatumbukiza msumari aliousugua, akasubiri, akautoa. Ulikuwa mweupe vilevile, haukushika wekundu wa shaba.

“Gwe Debora, dawa imekufa. Shaba yote imeliwa na ndoo. Majani yatapata nini?”

Hakunichapa. Afadhali angenichapa! Alipanda bodaboda kwenye mvua hadi Tukuyu, akarudi na mrututu mwingine, kalowa chapachapa. Tukauyeyusha kwa maji ya moto kwenye plastiki ya kuazima. Safari hii msumari ukatoka mwekundu. Akatia chokaa, na mvua ilipopumzika akabeba bomba la kunyunyizia mgongoni mpaka tuta la mwisho. Shamba likapona.

Shule zilipofunguliwa alinipa ndoo ileile niende nayo bwenini, nisisahau. Wenzangu walikuwa na plastiki mpya zenye vifuniko. Yangu niliificha uvunguni kwa aibu.

Kidato cha pili, Mwalimu Prosper akaandika ubaoni aina nne za mmenyuko wa kikemia, akaomba mifano ya nyumbani. Nikaomba ruhusa, nikakimbia bwenini, nikarudi na ndoo.

“Jiwe la chokaa likichomwa linatengana,” nikasema. “Chokaa hiyo na maji vinaungana, mpaka maji yanachemka. Chokaa na mrututu vinabadilishana. Na hapa,” nikagusa ule wekundu, “madini ya ndoo yameingia majini, yakaifukuza shaba.”

Mwalimu akaigeuza ndoo kwenye mwanga wa dirisha.

“Nani kakufundisha haya?”

“Mama yangu. Analima viazi Isongole.”

Nilisema hivyo kwa sauti, mpaka darasa la jirani wakasikia.