Nyeupe Iliyokubali

Gari la Njombe likigongwa, likikwanguliwa au likichoka rangi lilikuwa na njia moja ya kurudi ujanani, nayo ilipita bandani kwa Fundi Yoeli Mtewele, Mjimwema. Yoeli alizaliwa Kichiwa, akavikimbia viazi vya baba yake, akajifunzia ufundi wa bodi Makambako, mahali ambapo barabara kubwa hukutana, nayo malori hugongana kwa uaminifu, kwa hiyo wanafunzi hawakukosa mazoezi. Aliporudi Njombe alileta nyundo, mke na imani moja: kwamba rangi haichanganywi na mashine.

Imani hiyo aliishika kuliko wengi walivyoishika ya kanisani. Kule Makambako kulikuwa na duka lenye kompyuta. Unafungua kifuniko cha tenki la mafuta, unawapelekea, wanakipima, wanakuchanganyia rangi ileile. Yoeli alisema hiyo si kazi ya fundi, ni kazi ya muuza dawa. Yeye alichanganya kwenye kopo, akachovya kijiti, akapaka tone kwenye mfuniko wa kopo la maziwa, akausimamisha ubavuni mwa gari na kuinamisha kichwa kama kuku aliyesikia mwewe. Kisha alitamka, "Imekubali," na kweli ilikuwa imekubali. Watu walileta magari kutoka Igwachanya, wakiwapita mafundi wengine njiani, ili tu walisikie neno hilo.

Mpuliza rangi wake alikuwa Lightness Mwalongo, mama wa watoto wawili, aliyeshika bomba la rangi kwa mkono usiotetemeka. Wateja wapya walimuuliza kila mara kwa nini yeye ni mwanamke. Aliwajibu kwamba alizaliwa hivyo.

Basi mwezi wa sita, ukungu ukiwa umeshaweka makazi mjini, Danford alileta Crown yake nyeupe. Danford alinunua parachichi mashambani na kuziuza mbali, na alikuwa mwenyekiti wa kwaya. Kwenye buti na juu ya paa alikuwa amefunga bodi kiti, vile vipande vya kurembea gari, aliyoagiza Dar es Salaam: bampa la mbele lenye mdomo mrefu, sketi za pembeni, bampa la nyuma, na bawa la kukaa juu ya buti ili upepo usiinue gari likikimbia. Barabara ya kwenda kwake haikuwa imewahi kuruhusu gari likimbie kiasi cha kuusumbua upepo, lakini mtu hajui kesho.

"Mzee Mtewele," alisema, "Jumamosi kwaya inazindua video yake Makambako. Gari hili ndilo linatangulia msafara. Nataka likipita watu waulize."

"Watauliza," Yoeli alisema.

Vifaa vilikuwa vya Crown, kweli, ila Crown ya miaka mingine. Bampa liliposimamishwa mahali pake lilibakiza pengo ambalo paka angepita bila kukunja masharubu. Hapa Yoeli alikuwa nyumbani. Alikata, akaongeza faiba, akasogezea jiko la mkaa kwa sababu kwenye baridi ile faiba hugoma kukauka, akapiga puti kuziba mashimo, akapiga msasa, akapitisha kidole kwenye maungio akiwa amefumba macho. Pengo lilikufa. Lightness alisimama pembeni akatikisa kichwa kwa kukubali; kazi ya namna ile hakuna kompyuta ingeifanya.

Siku iliyofuata habari ikaja kwamba shangazi yake Lightness amefariki Igwachanya. Alifunga kanga juu ya ovaroli, kisha akarudi mlangoni.

"Fundi, kwenye rangi nisubiri."

"Nikusubiri? Kwani rangi inaolewa?"

"Nyeupe hii ina lulu ndani, ile ya kumetameta. Inasumbua. Nisubiri tu, Fundi, nakuomba."

"Nenda ukazike, binti. Nimechanganya nyeupe wewe ukiwa bado unanyonya."

Alikwenda, akageuka nyuma zaidi ya mara moja. Yoeli alidhani ni huzuni ya msiba.

Alichanganya peke yake. Ubavu wa gari aliuona kama una ujoto kidogo, uvuguvugu fulani, akatia tone la njano kuufuata. Jambo hili halikumshangaza. Kwa muda sasa nyeupe zote zilikuwa hivyo: maziwa, mashati, kuta za kanisa. Alikuwa ameshafikia uamuzi kwamba mji umekuwa mchafu, na alimlaumu diwani. Alipaka tone kwenye mfuniko, akainamisha kichwa. "Imekubali," aliliambia banda tupu, akapuliza mwenyewe.

Jumamosi asubuhi Danford alilichukua gari ndani ya ukungu mzito, ambamo ng'ombe na basi huonekana vya rangi moja. Alilizunguka, akalisifu, akamwalika fundi wake kiti cha mbele. Yoeli alivaa koti lake la Krismasi. Huko nyuma hakuna mteja aliyewahi kumwalika fundi kwenye msafara, na njiani kuelekea Makambako alikuwa anajizuia asitabasamu, kwa kuwa mtu mzima hatabasamu na upepo.

Makambako jua lilikuwa limewaka. Wanakwaya walikuwa wamejipanga karibu na njia panda, sauti ya kwanza wamevaa nguo nyeupe pee, sauti ya pili rangi ya krimu, maana mama mmoja wa kamati alitaka watofautiane. Danford alisimamisha gari mbele yao kwa madaha. Watu waliuliza, kama alivyotaka.

"Mwenyekiti, gari limekula maembe?"

"Hapana, lina meno ya bandia. Angalia hapo mdomoni!"

"Suti nyeupe, viatu vya udongo!"

Danford alishuka akicheka, akalitazama gari, akaacha kucheka. Bodi ilikuwa nyeupe. Bampa, sketi na lile bawa vilikuwa na rangi ya siagi iliyosahauliwa juani.

Yoeli naye alishuka. Alilitazama gari kutoka mbele, kisha kutoka ubavuni. Maungio yalikuwa yamelala vizuri. Rangi ilikuwa moja. Akacheka kidogo pamoja na watu, kwa adabu, akisubiri aelezwe mzaha uko wapi.

"Mzee, huoni?" Danford alimuuliza.

"Naona. Imekaa."

Wakati huohuo Lightness alishuka kwenye bodaboda, vumbi la makaburini bado liko kwenye viatu, maana alijua ratiba na hakuwa amelala kwa kuiwaza. Alifika, akaliona gari, akasimama.

"Kamwene," aliwasalimia kwa sauti ndogo.

"Huyu hapa!" Danford alimnyooshea kidole. "Nilijua. Siku ya kwanza nilisema, mwanamke na bomba la rangi wapi na wapi. Umeniharibia gari, dada. Umemharibia na mzee wa watu jina lake."

Watu walinong'ona kwa kuafiki. Yalikuwa maelezo mazuri, hayakumwudhi mtu yeyote isipokuwa mmoja. Lightness alimtazama Yoeli, kisha akatazama chini.

"Samahani, mwenyekiti," alisema. "Ni mimi. Nitalirudia."

Hapo ndipo Yoeli alipoanza kusikia baridi, huku jua likiwaka. Alimshika Lightness kiwiko, akamvuta nyuma ya gari.

"Wewe hukuwepo. Mbona unakubali?"

"Yaishe, Fundi. Watasahau."

"Kuna nini kwenye gari hili? Usinifiche."

Lightness aliangalia pembeni. "Ni njano, Fundi. Vyote ulivyopaka."

"Na lile basi dogo la mapadre?"

"Nililirekebisha ulipokwenda kunywa chai."

"Na pikapu ya Severini?"

"Hiyo pia," Lightness alisema. Yoeli hakuuliza gari jingine. Yalikuwa mengi, na kila moja lilikuja na sifa zake, na sifa zile alizipeleka nyumbani akazila na ugali.

Njia ya kutokea ilikuwa wazi. Mwanamke ameshakiri, mteja ameshaamini, watu wameshacheka. Kilichotakiwa kwake ni kukaa kimya, kazi ambayo haihitaji hata macho. Aliwaza hivyo kwa muda mrefu kuliko ambavyo angependa mke wake ajue. Kisha akarudi mbele ya gari.

"Mwenyekiti, rangi hii nimechanganya mimi na nimepuliza mimi. Huyu alikuwa msibani."

Danford alimshika bega, macho yamemlegea. "Mmeona mtu mzima?" aliwaambia wanakwaya. "Anabeba kosa la mwanafunzi wake. Hao ndio wazee wetu wa zamani!"

Makofi yalipigwa. Sauti ya pili ilipiga kigelegele. Yoeli alikuwa amewahi kusema uongo maishani na ukaaminiwa. Ukweli ndio uliokuwa unamkatalia.

"Sibebi kosa la mtu," alisema.

"Mzee, inatosha, tumeelewa."

"Hamjaelewa." Alitazama huku na huku, akamwita mama aliyesimama karibu zaidi, Tabea, mwimbaji mkongwe wa sauti ya pili. "Mama Tabea, sogea. Simama na huyo binti." Binti alikuwa Juliana, wa sauti ya kwanza. Walisimama bega kwa bega mbele yake, mmoja krimu, mwingine nyeupe pee.

"Mnaniambia nguo hizi ni tofauti?"

"Ndiyo, baba," Tabea alisema taratibu.

"Kwangu mimi ni kitambaa kimoja." Akaigeukia kwaya nzima. "Ni kitambaa kimoja, jamani. Na gari ni rangi moja."

Makofi hayakupigwa. Mtu aliyekuwa na kipaza sauti alikizima. Tabea alisogea, akamtazama machoni karibu kabisa, bila aibu, kama anavyotazamwa mtoto aliyeingiwa na mdudu.

"Una mtoto wa jicho, Baba Mtewele. Macho yote mawili. Kaka yangu alikuwa na ugonjwa huo, wakamtolea hospitali. Siku hizi anaona hadi mambo yasiyomhusu."

Watu walicheka kwa shukrani, kicheko cha kutafuta pa kushika. Yoeli alijaribu kucheka nao. Lightness alikuwa ameshapiga magoti mbele ya bampa, anapitisha kucha kwenye rangi kuona imeshika kiasi gani. Alikwenda ubavuni, akafungua kifuniko cha tenki la mafuta, akaomba bisibisi, akakifungua skrubu zake, akakifunga ndani ya upindo wa kanga. Duka lenye kompyuta lilikuwa ng'ambo tu ya barabara. Hakumtazama Yoeli alipofanya hivyo, na Yoeli hakusema neno juu ya wauza dawa.

Danford alifuta uso kwa leso. Msafara ulikuwa unasubiri, na gari la kuutangulia lilikuwa hilohilo.

"Haya, Fundi," alisema, "baada ya msafara nikuachie. Litakuwa tayari lini?"

"Nipe hadi—" Yoeli alianza.

Danford aligeuka, akamtazama kwa upole mwingi mno, kisha akarudisha macho kwa Lightness, ambaye ndiye aliyekuwa anaulizwa.