Spika Zisizojua Kuficha

Fundi cherehani huyu alikuwa na santuri moja tu, na wimbo mmoja ndani yake ulikuwa wake. Aliurekodi akiwa binti, kabla mkuu wa bendi hajamwambia kwamba ziara haina nafasi ya msichana. Bendi ikaondoka, yeye akashika cherehani. Santuri ilipotoka haikuandikwa jina la mwimbaji, lakini jina la nini? Watoto wake walikua wakijua kwamba sauti ile inayokwaruza kwenye gramafoni, nyuma ya kelele za cherehani, ni ya mama. Mteja akija juu kwa suruali iliyombana, mtoto mmoja alikimbilia kuweka wimbo. "Msikie mama kwanza, halafu ndiyo ugombe."

Ndiyo maana kifungua mimba wake, dereva wa lori, alimpeleka na santuri yake kwenye duka la spika kuukuu.

"Leo utajisikia ulivyo, mama. Si kama umefungiwa kwenye debe."

Muuza spika hakuwa na breki mdomoni. Alikuwa na jozi mbili: visanduku vya mbao vilivyofunikwa kitambaa, na nyingine zilizong'olewa kwenye ukumbi wa sinema, kubwa kama makabati ya nguo, juu zina pembe pana kama mdomo wa tarumbeta.

"Hizi za pembe hazitaki amplifaya kubwa. Umeme kiduchu tu, jirani anahama. Na umbea zinao! Mwimbaji akimeza mate, unasikia."

"Ndizo tunazotaka," kijana akasema. "Na mwimbaji mwenyewe ndiye huyu. Mpe heshima yake."

"Kumbe nina mgeni mkubwa!" Akaifuta santuri kwa shati lake, akaiweka.

Visanduku kwanza. Sauti ikatoka nzito, tamu, ina ukungu kidogo, na mama akaanza kuifuatisha kwa midomo.

Kisha pembe. Gitaa likasimama mbele ya uso wake. Hata vidole vikisugua nyuzi vilisikika. Mwanamke akaanza kuimba, karibu mno, kama amemkalia magotini. Kila alipotamka "sitasahau", mluzi mwembamba ulipenya kwenye meno.

Midomo ya mama ikaacha kufuatisha. Mluzi ule aliujua. Ulikuwa wa mke wa mkuu wa bendi. Nyuma ya jukwaa yeye na wasichana wenzake walimwigiza wakacheka hadi machozi. Kwa hiyo bendi ilirudi studio. Walimfuta yeye, wakamweka mke huyo juu ya gitaa lile lile, na yeye miaka yote akailea sauti ile kama mtoto wa kubambikiwa.

"Unasikia?" muuza spika akachekelea. "Mwanya huo! Ni urembo, mama, usione haya. Hebu cheka tuuone."

Mama akafumba mdomo.

"Mama hana mwanya," kijana akasema, bado anacheka. Kisha kicheko kikamwishia. Akaitazama pembe, akamtazama mama.

"Meno ya ujana hayo," mama akasema. "Yalisogea."

"Eh, meno yanasogea," muuza spika akadakia upesi, kama mtu aliyemkanyaga mgeni mguu. Akazima.

"Tuchukue visanduku."

"Lakini mama..."

"Hizi zinaniumiza masikio, baba. Na zikiingia ndani, sisi tutalala wapi?"

Kijana alivibeba mwenyewe, akavifunga kamba garini, akafungua, akafunga tena, kana kwamba anaogopa kwenda kuketi karibu naye.

Nyumbani aliunganisha waya kwenye redio na gramafoni. Wadogo zake wakajazana mlangoni: "Weka wa mama! Fungulia mpaka mwisho, mtaa mzima usikie!" Akaishika santuri, akamgeukia mama, akauliza kwa ile sauti ya chini ambayo watu huitumia wodini.

"Niweke, mama?"

Mama alikuwa anatunga uzi. Hakuinua uso.

"Tafuta taarifa ya habari," akasema.