Mkate Uliokunjwa na Sufuria ya Gundi

Mama Gundi, mshona vitabu, binti wa mkata karatasi asiyegusa rula kwa kuwa jicho lake lilitosha, mjukuu wa mwanamke aliyeshona matandiko ya punda, punda akafa mshono ukabaki, alikuwa ameanza kutetemeka mkono wa kulia. Hilo ndilo lililomkosesha raha: sufuria ya gundi amwachie nani? Gundi haina subira. Ikipoa huganda, na kitabu kilichopakwa gundi iliyopoa hutapika kurasa mikononi mwa mtoto.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alimwachia sufuria binti wa kaka yake, akaenda kuketi kwenye kiti cha wateja. Aliapa kutofungua mdomo. Vitabu vya shule vilikuwa mezani, migongo wazi, vikisubiri.

Binti akapaka vitatu vinne, kisha akatoa chakula chake: kipande kimoja cha mkate kilichokunjiwa yai.

"Sandwichi inanukia hiyo," akasema fundi wa majalada, mmoja wa mafundi wawili wa karakana hiyo.

"Sandwichi gani?" mwenzake, mkataji wa karatasi, akadakia. "Sandwichi ni vipande viwili. Hicho kimoja kimejikunja kama paka wa jikoni."

"Mjomba, hata jalada la kitabu ni moja, limekunjwa," binti akajibu. "Si kitabu?"

"Kitabu kina mgongo."

"Na huu hapa mgongo."

"Kumbe unakula kitabu," akasema fundi wa majalada. "Ndiyo maana hesabu hazikukaa kichwani, zilishuka tumboni."

Wakacheka. Ubishi ukahamia kwenye biskuti zenye siagi katikati, nazo je? Kisha kwa mtu aliyelala kati ya magodoro mawili, naye ni sandwichi? Mama Gundi akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu. Ulimi hauna mfupa, na wa mafundi hauna hata kizibo. Utando ulikuwa ukitanda juu ya gundi, na hakuna aliyegeuka.

Akainuka, akachomeka brashi sufuriani. Ikasimama wima yenyewe.

"Shangazi, nilikuwa namalizia tu."

"Unamalizia nini? Mkate hujala, gundi hujapaka. Hata unachokula hukijui jina."

Angemfukuza, lakini abaki na nani? Wale mafundi wawili walikuwa midomo mitupu. Huyu angalau alijua mgongo ni nini. Akavua aproni yake mwenyewe, akamtupia binti begani.

"Washa jiko, uiyeyushe upya. Kuanzia leo sufuria ni yako, mimi siigusi. Bishaneni mpaka mchoke, ila mdomo wako ukisema, mkono ukoroge."